Mvuvi wa Kinkondja akiacha samaki wadogo, jirani naye ataacha?

Kinkondja, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Kisale katika jimbo la Haut-Lomami, una swali ambalo kila mwenye mtumbwi analijua. Ukiacha kutumia wavu wenye matundu madogo ili samaki wachanga wakue, nani atawavua wakishakua? Ni wewe, au ni jirani aliyeingia ziwani usiku ule ule ulioamua kubaki nyumbani?

Mara nyingi mjadala huu huishia kwenye lawama. Maofisa husema wavuvi hawana elimu, nao wavuvi husema maofisa wanakula rushwa. Lakini kwa miongo kadhaa sasa wachumi wamekuwa wakilipima swali hilo kwa njia nyingine. Wanawapa watu pesa halisi mkononi, wanawawekea kanuni za mchezo, kisha wanaangalia wanachofanya badala ya kuwauliza wanachofikiri. Baadhi ya majaribio makubwa yaliyotokana na fikra hiyo yamefanyika hapa hapa Kongo, na matokeo yake yanapaswa kumkosesha usingizi yeyote anayeandaa semina nyingine ya wavuvi.

Mchezo unaotumika sana ni rahisi. Tuseme watu wanne wanapewa franka 1,000 kila mmoja. Kila mtu anaamua kwa siri kiasi cha kutia katika mfuko wa pamoja. Msimamizi anazidisha mara mbili kilichomo mfukoni, kisha anakigawa sawa kwa wote wanne, hata kwa yule ambaye hakutoa kitu. Wote wakitoa kila walichonacho, kila mmoja anaondoka na 2,000. Watatu wakitoa na mmoja akaficha zake, wale watatu wanapata 1,500 kila mmoja, na mjanja anaondoka na 2,500. Wote wakifanya ujanja, kila mtu anabaki na 1,000 yake. Badala ya franka weka samaki, na hilo ndilo ziwa.

Mwaka 2000 Ernst Fehr na Simon Gächter walichapisha matokeo ya mchezo huu kutoka Uswisi. Mwanzoni watu walitoa sehemu kubwa ya pesa zao. Raundi zilivyoendelea, walipoona wenzao wanajificha, nao wakapunguza mpaka mfuko ukakaribia kukauka. Kanuni ilipobadilishwa na wachezaji wakaruhusiwa kumtoza faini asiyetoa, ingawa kutoza kulimgharimu pia anayetoza, michango ilipanda tena. Wengi wao, basi, hawakuwa walafi. Walikuwa watu waliokuwa tayari kutoa ilimradi jirani naye atoe.

Je, utayari huo unatoka wapi? Utafiti uliofanyika katika jamii ndogo 15 za dunia, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba watu hucheza kama wanavyoishi. Waorma wa Kenya, wafugaji wa Tana, walipoelezwa mchezo wa mfuko wa pamoja waliutambua papo hapo. Wakauita mchezo wa harambee, kwa kuwa unafanana na michango wanayotoa kujenga shule, na wakatoa kwa ukarimu.

Jibu lililo karibu zaidi na Kinkondja linatoka mbali, Brazil. Uri Gneezy, Andreas Leibbrandt na John List walilinganisha jamii mbili jirani za wavuvi. Moja huvua baharini, kazi isiyowezekana bila kikundi. Nyingine huvua ziwani, kila mtu na mtumbwi wake. Wale wa baharini waliaminiana na kushirikiana zaidi. Msomaji asiharakishe kusema wavuvi wa ziwa ni wabinafsi kwa asili. Kazi yao haikuwapa nafasi ya kujifunza kutegemeana, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Sasa turudi Kongo. Kuanzia mwaka 2007 mpango ulioitwa Tuungane, ulioendeshwa na mashirika ya IRC na CARE kwa fedha za Uingereza, uliingia katika vijiji 1,250 vya mashariki mwa nchi. Katika Katanga ya wakati huo ulifika Tanganyika na Haut-Katanga. Wanakijiji walichagua kamati, wakafundishwa uwazi na uwajibikaji, wakasimamia miradi kama shule na zahanati. Vijiji vya kuingia vilichaguliwa kwa kura ya hadhara, na hiyo ndiyo iliyowezesha kulinganisha baadaye.

Miaka miwili ya mafunzo ilipokwisha, ukaja mtihani. Vijiji 560, vingine vilivyopitia Tuungane na vingine ambavyo havikupitia, vilipewa dola 1,000 kila kimoja. Hakuna aliyewaambia waunde kamati ya namna gani wala wanunue nini. Watafiti walisubiri, kisha wakauliza: nani aliamua? Wananchi walishirikishwa? Pesa zilikwenda wapi?

Tofauti haikuonekana. Vijiji vilivyofundishwa havikuonyesha kuwa wazi zaidi wala shirikishi zaidi kuliko vile visivyofundishwa. Mradi ulijenga majengo, na majengo si kitu kidogo kijijini. Lakini tabia ya kusimamia mali ya wote haikubadilishwa na semina. Kwa maoni yangu, wafadhili wengi bado hawajayameza matokeo haya. Kamati zinaendelea kuundwa kwa mtindo ule ule, zikiwa na fulana na daftari la mahudhurio.

Jaribio jingine, la Kananga mwaka 2018, linafungua mlango kidogo. Baadhi ya mitaa kodi ya nyumba ilikusanywa na maofisa wa serikali, mingine na machifu wa mitaa. Machifu waliongeza mapato kwa asilimia 44. Siri yao haikuwa ushawishi. Walijua nani ana uwezo na utayari wa kulipa, wakaanzia kwake. Machifu hao hao walipokea pia rushwa zaidi, na jambo hilo halifai kufunikwa kwa sababu tu hesabu ya mapato inapendeza.

Ukiyaweka haya pamoja mbele ya Ziwa Kisale, suala la kuwaelimisha wavuvi kuhusu mazalia ya samaki linapungua uzito. Mvuvi anajua samaki huzaa lini. Asichojua ni kama mwenzake wa ng'ambo ametoa nyavu majini, na kama kuna atakayeulizwa asipotoa. Chifu na wazee wa bandari wanajua mtumbwi upi ni wa nani, kuliko ofisa yeyote anayetoka Kamina. Lakini wakipewa kazi hiyo peke yao, bila macho ya wavuvi wengine na ya akina mama wanaonunua samaki ufukweni, mfano wa Kananga unaonyesha kitakachofuata.

Amri ya kufunga uvuvi ikisomwa redioni, inamkuta kila mvuvi akiwa peke yake. Ikitangazwa bandarini siku ya soko, huku nyavu za chifu na za ndugu zake zikiwa za kwanza kuanikwa nchi kavu, kila mwenye mtumbwi ataona kwa macho yake jirani yupi amezitoa za kwake na yupi bado.