Mwanafunzi Anayesema Anaumwa Aaminiwe

Iko imani moja iliyoota mizizi katika shule zetu, za kutwa na za bweni, za serikali na za binafsi: kwamba mwanafunzi anayesema anaumwa anategea, mpaka atakapoanguka. Imani hii haijaandikwa kwenye ubao wa matangazo, lakini kila aliyesoma bweni anaijua. Anayajua maneno yake: mtegaji, anadeka, anasingizia, huyu ana ugonjwa wa hesabu. Anaijua ile hali ya kusimama alfajiri mbele ya mwalimu wa zamu, mwili unachemka, huku ukiulizwa kwa sauti ya juu mbele ya wenzako unaumwa nini hasa, na mbona jana jioni ulionekana uwanjani unacheza.

Wengi tumekua tukiamini kwamba ukali huo ndio malezi. Wazazi tunausifu, na shule inayojulikana kwa "kutobembeleza watoto" tunaigombania nafasi. Mimi nasema imani hii ni ya uongo, na inaua.

Uongo wake unaonekana wazi zaidi kwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wanauita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa nao; makadirio yanayotajwa na serikali ni takriban watoto 11,000 kila mwaka. Zamani wengi wao walizikwa kabla ya kufikia umri wa kuanza darasa la kwanza. Leo wanaofika shuleni wanazidi kuongezeka, kwa chanjo, kwa vyandarua, kwa vidonge vya foliki asidi, kwa dawa ya haidroksiyurea, na kwa kazi ya watu kama Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili, ambao tangu 2004 wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imefika hatua ya kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huu. Taifa limetumia akili na fedha nyingi kumfikisha mtoto huyu darasani akiwa hai. Akishafika, tunamwita mtegaji.

Mtoto mwenye selimundu amerithi ugonjwa huo kwa baba na mama, wote wawili. Mwili wake ukipungukiwa maji, ukipigwa na baridi, ukichoka sana au ukipata maambukizi, chembe nyekundu za damu hupinda zikawa na umbo la mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, damu ikashindwa kupita. Pale ilipozuiwa ndipo panapouma: miguu, mgongo, kifua, tumbo. Ni maumivu ambayo hospitalini hutulizwa kwa mofini. Lakini ukimtazama mtoto huoni kidonda. Anaweza asiwe na homa wala uvimbe. Jana alicheza mpira kweli, na leo hawezi kunyanyuka kitandani kweli. Swali la "mbona jana ulikuwa mzima" ambalo mwalimu wa zamu analiona kuwa mtego wa kumnasa mwongo, kwa mtoto huyu halina maana yoyote, kwa sababu ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo.

Sasa itazame ratiba ya shule ya bweni ya kawaida. Kuamka saa kumi na moja na kukimbia mchakamchaka kwenye baridi ya Njombe au Mbeya. Kuoga maji ya baridi. Kuchota maji na kumwagilia bustani. Kukaa darasani saa nyingi bila tone la maji ya kunywa. Ukichelewa, kupiga magoti juani au kuruka kichurachura. Karibu kila kinachoamsha maumivu ya selimundu kimo humo, na anayeomba kupunguziwa ndiye anayeambiwa anaharibu nidhamu ya wenzake.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawajaambiwa. Figo za watoto hawa hushindwa kuhifadhi maji, kwa hiyo hukojoa sana. Daktari naye amewaagiza wanywe maji mengi kila siku. Matokeo yake wanaomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara, na wengine hulowesha kitanda usiku hata wakiwa wakubwa. Darasani mtoto huyo anaitwa mtoro wa vipindi, bwenini anaitwa kikojozi. Nimewahi kusikia watu wazima wakilisimulia hili kwa kicheko miaka mingi baadaye, wakimkumbuka mwenzao fulani wa kidato cha pili. Nilitamani wangejua walikuwa wakimcheka nani.

Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuelezwa kwa kina katika maandishi ya tiba ya Marekani alikuwa mwanafunzi. Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada, alikuwa akisomea udaktari wa meno Chicago alipolazwa Desemba 1904. Daktari kijana, Ernest Irons, akaitazama damu yake kwa darubini akakuta chembe zilizopinda kama mundu, na mkuu wake, James Herrick, akachapisha taarifa hiyo mwaka 1910. Wakati huo dawa ya ugonjwa huo haikuwepo, wala jina lake. Noel aliugua tena na tena katika miaka yake ya masomo, akalazwa, akarudi darasani, akahitimu, akarudi kwao kutibu meno ya watu mpaka alipofariki mwaka 1916. Waliompokea hawakuujua ugonjwa wake hata kidogo. Hawakumwambia kwamba haumwi. Walitazama.

Na hapo ndipo ninapogombana na wanaoitetea imani hii. Hoja yao kubwa ni kwamba mwalimu si daktari, kwa hiyo asibebeshwe mzigo wa afya. Nakubali kwamba mwalimu si daktari. Basi asitoe hukumu ya kidaktari. Kumwambia mtoto "huumwi, rudi darasani" ni kupima na kutoa majibu bila kipimo, bila kumgusa paji la uso, bila kuuliza aliamkaje. Daktari mwenyewe haruhusiwi kufanya hivyo. Mwalimu anayejua mipaka yake angesema tu: sijui una nini, twende kwa anayejua.

Hoja yao ya pili ina ukweli ndani yake: wapo wanafunzi wanaodanganya. Siku ya kulima shamba la shule vichwa vinauma kwa wingi, na siku ya mtihani wa majaribio matumbo yanaharisha. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja darasani, asiye na muuguzi wala gari, ana haki ya kuchoka. Lakini tupige hesabu kwa uaminifu. Mtegaji akiaminiwa, amekosa vipindi viwili vya jiografia, na ataazima daftari la mwenzake. Mgonjwa asipoaminiwa, tunazungumzia mambo mengine kabisa. Malaria inayoletwa na kimelea cha falsiparamu inaweza kuanza kwa kichwa kuuma asubuhi, na kabla ya kesho kutwa mtoto ana degedege au amepoteza fahamu. Kipimo chake ni tone la damu ya kidoleni na kusubiri dakika 20 katika zahanati yoyote. Mtu anayekubali kuhatarisha uhai wa mtoto mmoja ili kumnasa mtegaji mmoja hajapima vizuri anachokipoteza.

Tena huyo anayejifanya naye anatuambia kitu. Watoto wengi hawana maneno ya kueleza hofu, kwa hiyo hofu inakaa tumboni na tumbo linauma kweli. Anayeumwa tumbo kila Jumatano, aulizwe kuna nini Jumatano. Huenda kuna mwalimu anayempiga, au kaka mkubwa anayemnyang'anya chakula, au jambo baya zaidi ambalo hatalisema hadharani. Msichana anayeumwa kila mwezi kwa siku zilezile anaumwa hedhi, na maumivu hayo yanaweza kumlaza chini kabisa; kumwambia kwamba kila mwanamke hupitia hayo hakumpunguzii chochote. Shule inayofukuza malalamiko ya kitoto inafunga mlango ambao taarifa hizi zote zingepitia.

Kuna magonjwa ambayo hata hayamruhusu mtoto kulalamika. Mwenye kisukari anayechoma insulini, sukari ikishuka, hutokwa jasho, hutetemeka, hukodoa macho, hujibu vitu visivyoeleweka. Kwa mwalimu mwenye haraka hiyo ni dharau. Anachohitaji mtoto ni sukari kinywani upesi, soda au maji ya sukari ikiwa bado anaweza kumeza, na hatua hiyo haiwezi kusubiri kikao cha nidhamu. Mwenye aina fulani ya kifafa haanguki wala hatoi povu. Anaganda tu, macho yamesimama, kwa sekunde chache, kisha anaendelea. Anachapwa kwa kutosikiliza. Kanuni za viboko za Tanzania za mwaka 2002 zinasema adhabu isizidi viboko vinne na zinataka afya ya mwanafunzi izingatiwe. Nani atazingatia afya ambayo ameshaamua kwamba si tatizo? Kenya waliiondoa fimbo shuleni kwa sheria. Sisi bado tunaishika, huku mikono mingi inayoishika haijawahi kulisoma sharti hilo.

Malalamiko ya watoto yana faida nyingine ambayo wakuu wa shule wangeithamini hata kwa ajili ya usalama wao wenyewe. Aprili 2023 shule ya wasichana ya Mukumu, Kakamega nchini Kenya, ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua na kadhaa kufariki. Vipimo vilikuta bakteria wa E. koli na salmonela. Wazazi walilalamika kwamba uongozi ulichelewa kuchukua hatua. Ugonjwa wa maji au chakula haugongi hodi ofisini. Unaanza na msichana mmoja anayesema tumbo linamuuma, kesho watano, kesho kutwa ishirini. Kama kila mmoja wao anaonekana mtegaji, hakuna anayewahesabu, na hakuna atakayekwenda kuangalia kisima. Daftari dogo la wagonjwa, lenye tarehe, jina, bweni na anachoumwa, lingetosha kumwonyesha matroni siku ya pili kwamba kuna jambo.

Nimekuwa nikiwalaumu walimu, lakini wazazi nao wana sehemu yao. Fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule huja na karatasi ya uchunguzi wa afya, ambayo daktari anatakiwa kuijaza. Wazazi wengi wanaijaza kwa ujanja. Mtoto ana kifafa, wanaandika mzima. Ana selimundu, wanaandika mzima. Wanaogopa mtoto atakataliwa, na hawajaota tu: wapo wakuu wa shule wanaomrudisha mtoto nyumbani na kumwambia akapone kwanza, kwa ugonjwa ambao atakuwa nao maisha yake yote. Kwa hiyo mzazi anamfungia dawa chini ya tranka na kumwambia asimwambie mtu. Kisha unakuja msako wa bweni. Inhela ya mwenye pumu inachukuliwa na kufungiwa ofisini, na ufunguo uko kwa mwalimu aliyekwenda benki. Vidonge vya anayetumia ARV vinamwagwa kitandani, na mtoto anaulizwa mbele ya wenzake ni vya nini. Baada ya siku hiyo wengine huacha kabisa kumeza dawa kuliko kuulizwa tena.

Na wale wanaojaza fomu kwa ukweli wanapata nini? Karatasi inapachikwa kwenye faili, faili linaingia kabatini. Mwalimu wa darasa hajaliona. Patroni hajaliona. Mwalimu anayesimamia mchakamchaka hajui kwamba yule wa mstari wa nyuma anayevuta miguu ameandikiwa na daktari asikimbie. Shule inayo taarifa na bado inamwadhibu mtoto kwa kitu ilichoambiwa.

Ninachokitaka hakihitaji bajeti mpya ya wizara. Mwanafunzi akisema anaumwa asihojiwe mbele ya wenzake. Saa aliyosema iandikwe. Apelekwe zahanati na mtu mzima, si na rafiki yake wa kidato cha kwanza ambaye naye atachapwa kwa kukosa kipindi. Mzazi apigiwe simu siku hiyohiyo. Inhela ikae mfukoni mwa mwenye pumu, na chupa ya maji ikae mezani kwa mwenye selimundu, naye aende chooni bila kuomba. Akibainika kwamba alidanganya, mwalimu azungumze naye baadaye, faraghani, na safari ijayo akisema anaumwa apelekwe tena zahanati, kwa sababu waongo nao hupata malaria.

Shule ndiyo inayopaswa kuanza, kwa kuwa mzazi hawezi kusema ukweli kwa mtu anayemwogopa. Katika mkutano wa kwanza wa wazazi wa muhula ujao, mkuu wa shule asimame aseme kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya selimundu, pumu, kifafa, kisukari wala VVU. Aseme fomu za afya zitasomwa na nani, na ni nani hataruhusiwa kuzigusa. Kisha amtaje mwalimu atakayepokea simu saa nane za usiku, na atoe namba yake wazazi waiandike palepale.