Tumpime Kalambay kwa Kipimo Gani?

Vijana wetu wa Kasongo na Kabambare wakizungumza habari za ngumi, hutaja pambano la Kinshasa la mwaka 1974, yaani Ali na Foreman, Wamarekani wawili. Sumbu Kalambay, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1956 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa kati, hatajwi. Na wazee wanaomkumbuka hukimbilia pigo moja la Las Vegas. Sisi twaona hukumu hiyo si ya haki.

Mwezi Mei 1987 alitoka Italia, nchi iliyompokea, akaenda London kumkabili Herol Graham, Mwingereza ambaye hakuwa ameshindwa na mtu. Akamshinda nyumbani kwake. Oktoba, mjini Livorno, akamshinda Iran Barkley na kutwaa mkanda wa WBA. Barkley huyohuyo, mwezi Juni uliofuata, alimwangusha Thomas Hearns. Machi 1988, mjini Pesaro, ikawa zamu ya Mike McCallum wa Jamaika, naye pia hakuwa ameonja kushindwa katika ngumi za kulipwa. Kalambay hakuwa mtu wa pigo moja zito. Aliwashinda kwa mkono wa kushoto usiochoka, kwa miguu na kwa subira.

Ndipo ikaja tarehe 25 Machi 1989. Michael Nunn alimpiga kwa mkono wa kushoto, na kila kitu kikaisha katika sekunde 88. Tena WBA ilikwisha kumvua ubingwa, kwa kuwa alimchagua Nunn badala ya kurudiana na Graham. Uchaguzi huo una lawama yake, hatuufichi.

Wako watakaouliza kama yafaa mkristu kusifu kazi ya kupigana. Swali ni zito, maana ngumi zimeua watu. Hata hivyo Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 9, hakuona haya kujifananisha na mpiga ngumi, na alichokitazama hapo ni kuitawala nafsi.

Linalotusumbua zaidi ni kipimo chenyewe, kwa sababu ndicho tunachokitumia majumbani mwetu. Kijana aliyerudi kutoka mashimo ya dhahabu ya Salamabila mikono mitupu, au aliyeingia msituni pamoja na wenye silaha kisha akaiweka bunduki chini, huitwa kwa jina la anguko lake hata akiwa baba wa watoto watano. Binti aliyepata mimba shuleni, vivyo hivyo. Jumuiya humhesabia sekunde zake 88, basi. Na sisi haohao Jumamosi twapanga mstari mbele ya kitubio, tukiomba tusihesabiwe hivyo.

Baada ya Las Vegas, Kalambay alirudia kuwa bingwa wa Ulaya. Mwaka 1991 McCallum alimshinda, nao waamuzi hawakukubaliana wote. Mwaka 1992, akiwa na miaka 36 mwishoni mwake, alimshinda Graham mara ya pili, kisha Steve Collins, Mwairlandi ambaye baadaye alimshinda Chris Eubank. Hatusemi alimfikia Marvin Hagler. Twasema kwamba ni wachache wa uzito wake waliowashinda watu wa namna hiyo, na kwamba anayetaka kumhukumu aanzie 1987 na asome mpaka 1993, alipoacha ulingo.