STAA KAPANDA NDEGE, MAMA WA IGOMA KAPANDA MELI: KUKAGUA CHUO NJE SI KULA BATA!

Wiki hii mitandaoni mwanamama mmoja wa filamu za Bongo kachambwa mpaka basi. Jina liachwe, wadau mnamjua. Kosa lake? Kaposti picha akiwa Uingereza na familia nzima, mume, watoto watatu mpaka dada wa kazi, wote na makoti ya rangi moja, wamesimama mbele ya chuo ambacho mwanae mkubwa anataka kusoma.

Komenti zikamiminika. Wengine wakasema kiki. Wengine wakasema si angeilipia tu ada hiyo hela ya ndege. Mmoja akapigilia msumari: "Kwani chuo ni kiwanja mpaka ukikague?" Likes kama zote.

Sasa hapo ndipo watu walipochemka. Hakuna mtu mwenye akili zake anayenunua kiwanja Kigamboni kwa picha ya WhatsApp. Ataenda na mashahidi, atauliza majirani, atapita serikali ya mtaa. Ila huyo huyo, mwanae akitaka kusoma nje, anatuma mamilioni kwa sababu kipeperushi kina picha ya maktaba yenye vioo. Ada ya miaka mitatu inazidi bei ya viwanja vingi, na kiwanja kikikuzingua unaweza kukiuza. Miaka mitatu ya mtoto utamuuzia nani?

Kwa hiyo staa hajakosea kwenda. Alipozidisha ni kwenda na ukoo mzima. Viza ya Uingereza inalipiwa kila kichwa, na ukinyimwa hela hairudi. Yeye anazo, poa. Tatizo ni mtu wa kawaida anayeangalia zile picha na kuona kukagua chuo ni mambo ya wenye hela, yeye hayamhusu. Kumbe yanamhusu kuliko staa! Mtoto wa staa akikuta chuo kibovu, anahamishwa. Mtoto wa muuza genge anarudi nyumbani na deni.

Kuna mama mmoja wa Igoma, Mwanza, ana genge la nyanya na dagaa. Binti yake kamaliza kidato cha sita, anataka kusomea maabara, na wakala kamwambia kuna chuo Kampala kinamchukua chap, ila watangulize milioni moja na nusu ya kushika nafasi. Baba ni fundi wa friji. Mjomba akaahidi laki tano. Kikao cha familia kikakaa, na mama akasema hatoi hata mia kabla hajakiona hicho chuo kwa macho yake.

Nyumba ikawaka moto. Mjomba akasema hiyo ni kutembea kwa hela ya ada. Baba naye akataka waende wote watano, "iwe na sisi tumefika nje." Mama akachukua kalamu. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Watu watano ni 750,000, na hapo hakuna aliyepanda hata daladala. Watoto wakanuna, yule wa mwisho akalia kabisa.

Wakaenda wawili: anayesoma na anayelipa. Binti akachukua pasipoti kwa sababu akienda kusoma ataihitaji tu. Mama akachukua hati ya dharura ya kusafiria, ambayo bei yake ni ya chini mno kuliko pasipoti. Viza hakuna, Mtanzania kuingia Uganda halipii viza. Chanjo ya homa ya manjano wakachoma mapema, maana kadi yake inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na ukichanja mara moja inatosha maisha yako yote. Anayesubiri kuipata mpakani ndiye anayelizwa na vishoka.

Usiku wakapanda meli Mwanza mpaka Bukoba. Hapo chumba cha gesti ya kwanza kimeshaokolewa, maana wamelala majini. Bukoba wakachukua gari mpaka Mutukula, wakavuka, wakapita Masaka, wakaingia Kampala. Walibeba chapati na mayai ya kuchemsha. Hela hawakubadilisha kwa vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi; walibadilisha kidogo tu ya nauli, nyingine wakaenda kubadilishia mjini. Safari nzima, kwenda na kurudi, na pasipoti ya binti humo humo, ilikula kama laki sita na ushee.

Wakakuta nini? Chuo kipo, si hewa. Wakala hakudanganya hapo. Ila ile hosteli ya kwenye picha iko upande mwingine wa mji, na boda ya kwenda na kurudi kila siku, mama alipoipigia hesabu ya mwezi, ilizidi kodi ya chumba wanachopanga Igoma. Halafu mwanafunzi mmoja waliyemkuta getini akawaambia mafunzo ya vitendo yanafanyika kwenye maabara ya nje na yanalipiwa pembeni. Kwenye karatasi ya wakala hayo yote hayakuwepo. Ofisini walipouliza, wakajibiwa kwa upole kabisa kwamba "hayo ni ya kawaida." Ya kawaida kwa nani?

Kwa kuwa walishafika, kesho yake wakapanda kilima cha Makerere. Chuo hicho kilianza mwaka 1922 na Mwalimu Nyerere kasoma pale. Jengo lake kuu liliungua Septemba 2020 likajengwa tena. Kuingia kutazama na kuuliza hakukuwamaliza hela. Mchana wakashuka Wandegeya, wakala rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, na hapo kwenye kibanda, kwa wanafunzi wenye njaa kama wao, ndipo walipopata majibu ya maana kuliko ya ofisini: chumba bei gani, maji yanatoka, ni ada ipi inapanda ghafla.

Funzo la kwanza hapo: nenda siku ya kazi, vipindi vikiwa vinaendelea. Ukienda likizo utaona majengo tu, na majengo hayasemi. La pili, kabla ya safari angalia kama chuo na kozi vipo kwenye orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, kisha ulizia TCU hapa nyumbani, maana cheti ambacho TCU haikitambui utakifungia maandazi.

Wapo watakaosema: je, kama chuo kiko India au Uturuki, na huko nako ni meli na mayai ya kuchemsha? Hapana. Huko nauli ya kukagua inaweza kula ada yenyewe, usijitutumue. Tafuta Mtanzania anayesoma pale, mpigie video, mwambie atembee na simu kuanzia getini mpaka kitanda anacholalia. Akianza kuzungukazunguka maneno, umeshapata jibu. Ila kama chuo kiko Kampala, Nairobi au Kigali na wewe uko Mwanza au Arusha, sababu ya kulipa bila kuona ni uvivu tu, au aibu ya kuonekana huna hela ya ndege.

Na hiyo aibu ndiyo inayowamaliza watu mjini. Wanakopa ili safari ifanane na ya staa, au hawaendi kabisa. Katikati hapo kuna meli na hawataki kuonekana humo.

Mama wa Igoma karudi na ile milioni moja na nusu haijatoka. Binti bado anatafuta chuo, na kuna usiku analia kwa sababu wenzake wameshaanza kuposti vitambulisho vya chuo. Mjomba bado kanuna, anasema laki sita zimeenda kwenye chapati. Kwenye simu ya mama hakuna picha yake hata moja ya Kampala. Ipo moja tu, ya ubao wa matangazo wenye orodha ya ada, imepigwa kwa mkono unaotetemeka lakini namba zote zinasomeka.

Haya wadau, mjomba ana pointi au kachemka? Na wewe mzazi wako angekubali kupanda meli? Funguka hapo chini.