STERINGI ANAPOKATWA MGUU

Wiki hii nawaletea vita. Sio ile ya mama mwenye nyumba na mpangaji wa chumba cha uani, hiyo mnaijua wenyewe. Hii ni vita ya huko angani, kwenye nyota.

Tuanze na sheria moja ambayo kila kijana aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua, awe wa Kilwa Masoko, wa Lindi mjini au wa Kariakoo: steringi hafi. Risasi mia tano zinampitia, yeye anachubuka bega kidogo, anafuta damu kwa mkono, anaendelea na kazi. Wanaokufa ni wale wa pembeni. Mtu anatokea, anasema neno moja, pwaa, kalala chini. Hakuna anayeuliza yule jamaa alikuwa anaitwa nani.

Sasa kuna mkanda umeivunja sheria hiyo, na asikudanganye mtu, umenikaa kichwani wiki nzima. Ni sehemu moja ya tamthilia ya Star Trek: Deep Space Nine, inaitwa "The Siege of AR-558". Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani Novemba 1998, tamthilia ikiwa msimu wa saba na wa mwisho. Mi nimeiona majuzi tu, Kilwa Masoko, kwenye banda umiza, wakati vijana wanasubiri mechi ianze. Mwenye banda alichomeka flashi ili watu wasiondoke.

Kisa chenyewe ni hiki. Kapteni Benjamin Sisko, anayechezwa na Avery Brooks, anapeleka chakula na vifaa kwenye kisayari fulani kikavu, mawe matupu. Hapo kuna mtambo wa mawasiliano ambao jeshi la Shirikisho limewapokonya maadui wao, Dominion. Askari waliowekwa kuulinda walikuwa 150. Sisko anawakuta 43. Walitakiwa wabadilishwe baada ya siku 90, lakini wana miezi mitano pale na wakubwa wao wameshakufa. Hawalali, hawaogi, na wamezungukwa na mabomu yasiyoonekana kwa macho, yanayoweza kulipuka saa yoyote bila hata kukanyagwa.

Sisko angeweza kushusha mizigo yake akaondoka. Anabaki.

Jamaa mmoja pale bandani akauliza kwa sauti, "Sasa hawa wanapigania nini, mawe?" Watu wakacheka. Lakini ndilo swali lenyewe, na mkanda haulikwepi. Kuna askari mmoja, Vargas, kafungwa kitambaa kichafu kwenye jeraha, na daktari akitaka kukitoa anakuwa mkali kama simba. Kumbe kilichanwa kutoka kwenye sare ya mwenzake, mtu mwenye domo ambaye Vargas alikuwa hampendi kabisa. Yule mwenzake alikuwa anamfunga jeraha huku anaongea kama kawaida yake, akapigwa, akafa hapo hapo. Sasa Vargas hataki kukivua. Mi hapo nilimeza mate.

Halafu kuna Nog, kijana mdogo, masikio makubwa, anayependwa na kila mtazamaji. Anachezwa na Aron Eisenberg, aliyefariki mwaka 2019. Anatumwa kwenda kupeleleza kambi ya adui, anarudi amepigwa risasi, na mguu unakatwa. Banda zima kimya. Sheria ya steringi imekwisha! Na waandishi hawakumrudishia furaha haraka haraka. Sehemu mbili mbele kuna hadithi nzima ya jinsi kijana huyo anavyoshindwa kurudi katika maisha ya kawaida.

Mwongozaji, Winrich Kolbe, aliwahi kupigana Vietnam, na inaonekana. Kabla ya mapigano makubwa hakuna hotuba ya kishujaa. Watu wamekaa tu, wanasubiri, kuna wimbo wa taratibu unapigwa. Wale wataalamu wameyavumbua mabomu yaliyofichwa, wakayahamishia kwenye njia ya adui. Yakianza kulipuka huko mbali, unaona kwenye nyuso za askari kwamba hakuna anayeshangilia.

Kasoro zipo. Maadui, Jem'Hadar, wanakimbilia risasi kama mbuzi waliofunguliwa zizini, na mawe mengine unayaona kabisa ni ya studio. Lakini hiyo ni chumvi kidogo kwenye pilau tamu.

Mwishoni Sisko analetewa orodha mpya ya waliokufa vitani, majina zaidi ya elfu moja. Anasisitiza kwamba hayo sio majina tu, na kwamba lazima wakumbukwe.

Hapo ndipo mkanda uliponikamata, kwa sababu ya mahali nilipokuwa nimekaa. Kilwa hiyo hiyo, mwaka 1916, Waingereza walishusha majeshi yao kuja kupigana na Wajerumani. Julai 1917, huko bara ya Kilwa, watu waliuana Narungombe kwa sababu ya visima vya maji. Sio dhahabu, maji! Oktoba mwaka huo huo ikaja Mahiwa, kwenye barabara ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Siku nne, tarehe 15 hadi 18. Upande wa Waingereza, wenye watu kama 5,000, waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, akahesabiwa mshindi, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Sasa jiulize, alishinda nini?

Na wengi waliokuwa kwenye mahandaki yale hawakuwa Wazungu. Walikuwa askari wa Kiafrika pande zote mbili, pamoja na Wanigeria walioletwa kutoka mbali. Nyuma yao walikuwepo wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, pale unaponunua viatu na simu, limetokana na kikosi chao hicho cha kubeba mizigo.

Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927. Maneno yake, yaliyotungwa na Mwingereza Rudyard Kipling, yanaahidi kwamba ukifa ukiipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Nenda kaizunguke ile sanamu. Jina la askari hata mmoja hulikuti.

Nikampigia mzee wangu, yuko kijijini karibu na Mtama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Baba, yule kaka yake babu aliyechukuliwa kubeba mizigo vita vya Mjerumani, alikuwa anaitwa nani?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Marehemu babu yako alikuwa anasema 'kaka yangu hakurudi.' Basi. Jina sikuwahi kumsikia akilitaja. Nadhani lilikuwa linamuuma."

Ndiyo hivyo wapendwa. Waandishi wa Marekani walikaa chini wakawatungia watu wa kubuni, kwenye sayari ya kubuni, majina na vitambaa vya majeraha, hadi mimi wa Kilwa nikamlilia Vargas. Ndugu yangu wa damu yuko njiani Mahiwa, au popote alipoangukia, naye ni yule wa pembeni. Hakusema hata neno moja.

Alama: tisa kwa kumi. Ile moja nimeikata kwa ajili ya mawe ya studio.

Ukiupata mkanda huu, utazame. Halafu kama nyumbani kwenu bado kuna bibi au babu, mwamkie, kaa naye, muulize majina, uyaandike hata nyuma ya daftari la madeni. Fanya hivyo wiki hii, maana wazee hawana sehemu ya pili.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.