Wanaokusanya majina ya wahami wazibe kwanza matundu yao

Hapa Kasapa, pesa ikitoweka kwenye simu, lawama inamwangukia palepale mwenye simu. Mama ametoa namba yake ya siri, mzee amebonyeza ujumbe asioujua. Mafunzo wanayopewa wahami yanaimba wimbo huohuo: usimpe mtu namba yako ya siri, usimwamini mtu anayekupigia akisema umeshinda zawadi. Shauri hilo ni zuri, na lifuatwe. Lakini linawafunika watu wengine, wale wenye kompyuta kubwa ambamo majina ya familia hizo yamelazwa.

Mfano upo, na haukutoka kwenye shirika la ovyo. Tarehe 9 Novemba 2021, wezi waliingia katika seva za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR. Walipitia tundu katika programu ya kusimamia maneno ya siri ya wafanyakazi. Kampuni ya Zoho, iliyotengeneza programu hiyo, ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu mwanzoni mwa Septemba, na tarehe 16 ya mwezi huo serikali ya Marekani ikatoa onyo hadharani. Kiraka hakikuwekwa kwa wakati. CICR yenyewe ilikubali hivyo. Wezi walikaa humo siku 70, mpaka walipogunduliwa tarehe 18 Januari 2022.

Ndani mlikuwa na habari za watu zaidi ya 515,000 ulimwenguni, zilizokusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Si orodha ya wateja wa duka. Ni watu waliopotezana na familia zao vitani au safarini, watu wasiojulikana waliko, wafungwa. Mama aliyewahi kupanga foleni na kutaja jina la mtoto wake, kijiji walichokimbia na mahali wanapolala sasa, anajua uzito wa karatasi ile. Neno la siri likiibwa, linabadilishwa kwa dakika moja. Jina la baba halibadilishwi, kijiji hakibadilishwi, na alama ya kidole, ambayo siku hizi inaombwa kwa kila mgao, haibadilishwi. Kwa mtu aliyewakimbia wenye silaha, kujulikana analala wapi si hasara ya pesa.

CICR ilisema haikuona habari hizo zikiuzwa wala kutangazwa. Sawa. Lakini ililazimika kuzima mitambo yake, na kazi ambayo kwa wastani ilikuwa inawakutanisha watu 12 kila siku na jamaa zao ikarudi nyuma. Familia zikangoja kwa sababu ya kiraka kilichokuwa tayari miezi miwili kabla ya wizi.

Kuna watakaosema si haki kuishika CICR shingoni, maana ndiyo iliyotangaza. Ni kweli, ilitangaza siku iliyofuata baada ya kugundua, na ikaeleza tundu lilikuwa wapi. Heshima iwe kwake. Ndiyo maana hasira inapaswa kwenda kwa wengine. Mashirika mangapi, makanisa mangapi, ofisi ngapi za komini zinashika madaftari na kompyuta zenye majina ya wahami, na hazijawahi kusema neno juu ya usalama wake? Kimya chao si ushahidi kwamba hawajaibiwa. Huenda hawajatazama.

Serikali nayo isijifiche. Kuanzia mwaka 2020 Wakongomani walikatwa inite kwa ajili ya RAM, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G. Walielezwa kuwa ni kupiga vita simu bandia na simu za wizi. Makelele yakawa mengi, na mwaka 2022 ikaondolewa. Nani alipata hata kiraka kimoja kwa pesa hizo?

Maana tundu halipo kwenye seva tu. Mei 2019 WhatsApp ilitangaza tundu lililomwezesha mwizi kuingia kwenye simu kwa kuipigia tu, hata mwenyewe asipopokea. Watu wapatao 1,400 walilengwa. Dawa ilikuwa kupakua toleo jipya. Lakini kupakua kunakula mega, na mtu anayepima kati ya mega na unga wa bukari atanunua unga. Simu nyingi za mkono wa pili zinazouzwa hapa mjini hazipokei tena viraka vyovyote. Kumwambia mwenye simu hiyo "jihadhari" ni kumchekelea.

Sheria haikosekani. Kodi ya mambo ya kidijitali ilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, nayo inamtaka anayeshika habari za watu azilinde. Basi itumike. Anayetaka kidole cha mhami aseme kitahifadhiwa wapi, nani anaweka viraka, na baada ya siku ngapi tangu kiraka kitoke. Kukiwa na wizi, atangaze redioni, kwa Kiswahili, kabla mwezi haujaisha. Na mhami anayeuliza mambo hayo kwenye foleni asinyimwe mgao wake.