Anayekodisha baiskeli akodishe na kaske

Katika miji mingi ya dunia, mtu anashuka leo kwenye basi, anafungua baiskeli ya kukodi kwa simu au kwa kadi, anapanda dakika kumi na tano, kisha anaiacha kwenye kituo kingine na kwenda zake. Paris ilizindua Vélib' mwezi wa saba 2007. Mji wa Mexico ulifuata 2010 na Ecobici, New York 2013 na Citi Bike. Hata Kigali, mji mkuu wa inchi jirani, ilianzisha baiskeli za namna hiyo 2021. Ni jambo jema: foleni inapungua, moshi unapungua, na mwenye mfuko mdogo anafika kazini. Lakini karibu kila mahali kuna kitu kimoja ambacho hakikuwekwa kituoni: kofia ngumu ya kulinda kichwa, ile ambayo wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanaiita kaske.

Sababu yake inaeleweka. Baiskeli ya kukodi ni ya safari ambayo haikupangwa. Mtu aliyetoka nyumbani kwa miguu au kwa basi hakubeba kaske mkononi siku nzima akingoja bahati ya kupata baiskeli. Ukimwambia «leta kaske yako», ni kama umemwambia «usipande». Naye akipanda bila kaske, anaanguka kama wengine wote, na lami haimuulizi kama baiskeli ni yake au ya kukodi.

Basi nani alete kaske? Miji mingi imejibu: mpandaji mwenyewe. Jibu hilo limeshindwa mara nyingi, tena hadharani. Anayekodisha chombo ndiye anayepaswa kukodisha na kinga yake, kwa bei ambayo mtu wa kawaida haisikii mfukoni.

Je, kaske inalinda kweli?

Wapo wanaosema kaske ya baiskeli ni pambo la wanamichezo. Hesabu zinasema mengine. Mwaka 2016, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zilizohusu watu zaidi ya 64,000 walioumia kwa baiskeli. Waliona kwamba kwa waliovaa kaske, hatari ya jeraha kubwa la kichwa ilikuwa chini kwa karibu asilimia 69, na ile ya jeraha la kichwa linaloua kwa karibu asilimia 65.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Chini ya ganda jembamba la plastiki kuna tabaka la polistireni, povu jeupe gumu kama lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya karatoni yake. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo linabonyea na kupondeka. Kupondeka huko kunakipa kichwa muda kidogo zaidi wa kusimama, na ubongo unapata pigo lililopunguzwa. Ndiyo maana kaske iliyokwisha kugonga kwa nguvu mara moja inapaswa kutupwa, hata kama kwa macho bado inaonekana nzima.

Bei nayo haipaswi kutisha. Marekani, tangu 1999, kila kaske ya baiskeli inayouzwa lazima ipite majaribio ya kuangushwa yaliyowekwa na sheria. Maabara ya Virginia Tech, ambayo inapima kaske na kuzipa nyota, imeonyesha kwamba bei kubwa si alama ya ulinzi mkubwa. Ziko za bei ndogo zinazopata nyota nzuri kuliko nyingine za bei mara kadhaa. Sehemu kubwa ya bei ni uzito mdogo, hewa, rangi na jina la kiwanda. Kulinda kichwa chenyewe hakuhitaji pesa nyingi.

Sheria ilipotangulia kaske

Mfano unaofundisha zaidi ni Melbourne, Australia. Jimbo lake la Victoria lilikuwa la kwanza duniani kumlazimisha kila mpanda baiskeli kuvaa kaske, mwezi wa saba 1990. Miaka ishirini baadaye, 2010, mji ukazindua baiskeli 600 za kukodi. Sheria ilikuwepo, baiskeli zilikuwepo, kaske hazikuwepo. Watu walifika kituoni, wakatazama, wakaogopa faini, wakaendelea na tramu au na miguu yao.

Wakuu walishtuka. Wakaanza kuuza kaske za dola 5 za Australia, serikali ikichangia bei, katika maduka ya karibu na katika mashine. Baadaye zikawekwa za bure kwenye baiskeli zenyewe. Lakini mradi ulikuwa umekwisha kupata sifa ya kitu chenye usumbufu. Mwezi wa kumi na moja 2019 ulifungwa. Kaske haikuwa sababu pekee, kwa maana vituo navyo vilikuwa vichache na mji ni mpana. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mambo yangekuwa yale yale kama kila baiskeli ingekuwa na kaske yake tangu siku ya kwanza.

Seattle, huko Marekani, ilijaribu kujifunza. Mradi wake wa Pronto ulianza mwezi wa kumi 2014 na kaske za kuazima bure vituoni: unachukua, unavaa, unarudisha ili zisafishwe. Wazo lilikuwa zuri, lakini mradi wenyewe ulikuwa na matatizo mengine, na ukafungwa mwezi wa tatu 2017. Kilichofuata kinastahili kukumbukwa. Mwezi wa pili 2022, wakuu wa afya wa King County, ambamo Seattle iko, walifuta sheria ya kulazimisha kaske, baada ya kuonekana kwamba faini zilikuwa zinawaangukia zaidi watu weusi na watu wasio na makao. Sheria iliyoandikwa ili kulinda vichwa ilikuwa imegeuka njia ya kusimamisha maskini barabarani.

Mji wa Mexico ulichagua njia fupi. Ulipoanzisha Ecobici, mwaka ule ule wa 2010, uliondoa kabisa lazima ya kaske. Baiskeli zilipata watu. Vichwa vilibaki wazi.

Kuna njia ya tatu

Vancouver, huko Kanada, inaonyesha kwamba mtu halazimiki kuchagua kati ya baiskeli na kichwa. Huko pia sheria inadai kaske kwa kila mtu. Mji ulipozindua baiskeli za Mobi 2016, kila baiskeli ilikuja na kaske iliyofungwa kwa kebo, na pia kulikuwa na vifuniko vyepesi vya ndani kwa anayeogopa jasho la mwenzake. Ukifungua baiskeli, umefungua na kaske. Mradi huo unaendelea mpaka leo.

Wabunifu nao wamelishughulikia jambo hili. Mwaka 2016, Isis Shiffer, kijana aliyesomea ubunifu katika Pratt Institute ya New York, alishinda tuzo ya kimataifa ya James Dyson kwa kaske ya karatasi. Si mzaha. Karatasi imepangwa vyumba vidogo vidogo kama sega la asali, inakunjwa kama gazeti, na imepakwa kitu cha kuzuia mvua kwa muda. Aliikusudia kwa watu wa baiskeli za kukodi, iuzwe kwenye mashine kituoni kwa dola kama 5, kisha irudi kuwa takataka ya karatasi. Thamani ya kazi yake ni kwamba alianza na swali linalofaa: mtu aliyesimama kituoni bila kaske, afanye nini sasa hivi?

Wanaopinga wana hoja

Haitakuwa haki kunyamazia upande mwingine. Uholanzi, inchi ya baiskeli kuliko zote, watu wazima wengi hawavai kaske, na bado barabara zake ni kati ya zile salama kwa wapanda baiskeli. Siri yake ni njia zilizotengwa, magari yaliyopunguzwa mwendo na madereva wanaozoea kuona baiskeli kila dakika. Baiskeli za kukodi nazo, kwa asili, hazikimbii: ni nzito, zina taa, na mpandaji anaketi wima. Nchini Marekani, watu walizipanda mamilioni ya mara kwa miaka kadhaa kabla ya kifo cha kwanza kuhesabiwa, Chicago, 2016.

Hoja hizo ni za kweli, na zinamaanisha kwamba kaske haiwezi kuchukua nafasi ya barabara nzuri. Mkuu wa mji anayegawa kaske mbele ya kamera huku akiacha mashimo na magari ya mwendo wa kasi, amefunika tatizo kwa kofia. Lakini hoja hizo hazimsaidii anayepanda kesho asubuhi. Njia ya baiskeli inajengwa kwa miaka, kaske inavaliwa kwa sekunde kumi. Mji usio na barabara za Uholanzi hauwezi kuiga vichwa vitupu vya Uholanzi.

Jambo hili linagusa Kisangani na Bukavu pia

Msomaji wa mashariki mwa Kongo anaweza kuuliza: baiskeli za kufungua kwa simu zinahusu nini hapa? Zinahusu sana. Kisangani, toleka zimebeba watu kwa miaka mingi, abiria ameketi nyuma kwenye kiti cha sponji. Kwa namna yake, toleka ni baiskeli ya pamoja. Abiria hana chombo, hakupanga safari, analipa mara moja na kushuka. Abiria wa pikipiki, ambaye leo yuko kila kona ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, ni yule yule. Hakuna atakayetembea sokoni siku nzima na kaske kwapani kwa sababu jioni huenda akapanda motari.

Na huku hatari ni kubwa kuliko ya Melbourne. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 1.19 barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wa pikipiki. Kwa pikipiki, tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kifo kwa karibu asilimia 42 na jeraha la kichwa kwa karibu asilimia 69. Mguu uliovunjika unafungwa plasta, na baada ya miezi mtu anatembea. Kichwa hakina spea. Katika miji ambamo skana ni chache na daktari wa kupasua ubongo anatafutwa kwa tochi, familia inaweza kuuza shamba na bado ikazika.

Hata hivyo, kilichozoeleka ni njia ya Melbourne: tangazo, kisha polisi wa barabarani, kisha faini. Motari ananunua kaske moja ya kumtuliza polisi, anaivaa yeye, au anaitundika kwenye usukani. Abiria akipewa, anaikataa kwa sababu ya jasho, chawa au nywele alizotoka kusuka. Wote wawili wana sababu zao, na faini haijibu hata moja kati ya hizo.

Kinachowezekana kinajulikana. Mashirika ya wamotari, ambayo tayari yanakusanya michango ya wanachama, yanaweza kununua kaske kwa wingi, mbili kwa kila pikipiki, na kulipwa kidogo kidogo kwa siku. Abiria anaweza kupewa kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, kile cha kufua au cha kutupa, kama walivyofanya Vancouver. Serikali inaweza kuondoa ushuru wa forodha kwa kaske zilizopimwa, na kuzuia zile ganda tupu zinazopasuka kama yai. Kwa pikipiki, Jean Todt, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu usalama barabarani, amepigania kaske inayofuata kanuni za Umoja wa Mataifa kwa bei chini ya dola 20. Kwa toleka, kaske ya baiskeli ni nyepesi na rahisi kuliko hiyo.

Mpangilio ndio wenye maana. Kwanza kaske iwepo kwenye chombo, safi na ya bei ndogo. Pili watu waizoee. Mwisho kabisa sheria ibane, na ianze kumbana mwenye chombo kabla ya abiria. Melbourne ilianzia mwisho, ikalipa miaka tisa ya baiskeli zilizosimama vituoni. Miji ya Kongo haina miaka tisa ya kupoteza, na gharama yake haitahesabiwa kwa baiskeli.