Beringi za Nyuma na Hoja Zinazojipinga

Anayeendesha Subaru Impreza hapa Singida amekwisha kuzisikia hoja hizi, dukani kwa muuza spea au chini ya jeki kwa fundi. Nitazieleza kama wenyewe wanavyozieleza, kisha nyinyi mtaamua.

Yenye nguvu kuliko zote ni ya mtumba: beringi iliyotoka Japani ni bora kuliko mpya ya dukani, kwa kuwa ilifungwa kiwandani na ikatembea kwenye lami nzuri. Nakubali kwamba ilifungwa vizuri. Nauliza ilifunguliwaje. Katika Impreza za zamani, pamoja na WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000, beringi ya nyuma imeshindiliwa ndani ya chuma kinachobeba gurudumu, na habu nayo imeshindiliwa ndani ya beringi. Ukiitoa habu, nguvu yote inapita kwenye gololi, na mara nyingi pete moja ya ndani inabaki imeng'ang'ania habu. Gololi zikibanwa namna hiyo huacha vishimo kwenye njia yake, vidogo mno kuonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vitakavyovuma baadaye. Beringi ya aina hiyo ikiuzwa peke yake, imefutwa na kupakwa grisi mpya, basi aliyeing'oa ndiye aliyeiua. Anayeuza chuma kizima, habu na beringi zikiwa bado mahali pake, ana hoja ya kusikilizwa, ingawa kilomita zilizokwisha kutembewa hawezi kuzirudisha. Tena wanasema ya Japani haifi. Hiyo iliyokufa kwenye gari lako ilitoka wapi?

Ya pili: habu za Impreza ni zile zile, zote zina bolti tano. Tano ni kweli. STI ya modeli ya 2004 bolti zake zimepangwa kwenye duara la milimita 100. Ya 2005 ni milimita 114.3, wakati WRX ya kawaida iliendelea na 100. Kizazi kilichoingia 2007 kikaja na beringi na habu zikiwa kitu kimoja, kinachofungwa kwa bolti bila kushindiliwa. Muuzaji anayehesabu bolti bila kuuliza namba ya chesisi anakuuzia safari ya kurudisha mzigo Gerezani, Dar es Salaam, takriban kilomita 700 kwa basi.

Kuna wanaosema gari likivuma ni tairi, beringi haina habari. Wakati mwingine wana haki. Lakini mlio wa tairi hubadilika barabara inapobadilika, na wa beringi hubadilika uzito unapohama. Shuka kona za Sekenke kuelekea Shelui usikilize: kona ya kulia inaulemea upande wa kushoto, na ya kushoto inaulemea wa kulia. Mvumo ukizidi kwenye kona za upande mmoja tu, tairi mpya itakula fedha zako na kelele itabaki.

Kuhusu nyundo, fundi hujitetea kwamba presi ni anasa, na kwamba amefunga mamia bila presi. Nitamtendea haki: akitumia kipande cha bomba chenye kipenyo cha pete ya nje, akasukuma pete hiyo tu, na beringi ikiwa imelala kwenye friza usiku mzima ili isinyae kidogo, anaweza kufanya kazi safi. Wengi hawafanyi hivyo. Wanagonga pete ya ndani, wengine wanaipasha beringi yenyewe moto wa gesi mpaka sili za mpira zinaungua na chuma kinapoteza ugumu wake. Kisha gari linashushwa kwenye jeki, likasimama kwa uzito wake, ndipo nati ya shafti inakazwa. Mpangilio huo una kasoro: nati ndiyo inayozibana pete za ndani zishikane, na beringi iliyobeba gari kabla ya kubanwa huanza kazi ikiwa na kidonda. Mwezi ukipita inavuma, na fundi anatoa hukumu: beringi feki. Muuzaji naye anajibu: fundi mbovu. Kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli, na hakuna hata mmoja anayerudisha fedha.

Hoja ya mbio haihitaji maneno mengi. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza, basi eti murami ya Mkalama itaifanya nini? Magari yale yalikuwa na timu ya mafundi iliyoyafuata njiani na vipuri mkononi. Lako linafuatwa na vumbi.

Imebaki ile ya boksi: maboksi ya NTN, NSK na Koyo yamejaa bandia, kwa hiyo nunua ya bei rahisi, yote ni yale yale. Bandia zipo. Lakini msikilizeni vizuri anayesema hivyo: anakukataza kuliamini boksi lenye jina, halafu anakutaka uliamini lake lisilo na jina lolote. Mwambie alifungue. Jina na namba iliyochongwa kwenye pete zilingane na za kwenye boksi, na namba hiyo iwe ya beringi inayotakiwa na gari lenye chesisi yako. Akikataa kulifungua kabla hujalipa, mwachie beringi yake.